Joka Lililomngoja Mgeni Rasmi

Vijana wa meza ya michezo, mliniaga kwa soda na keki yenye umbo la joka, ingawa kwa kweli lilifanana zaidi na ng'ombe aliyelala. Nashukuru. Kabla sijamaliza kipande changu mlikuwa mmeshaanza kuniuliza nani sasa atawaambia kama jitu limezidi nguvu au halijazidi. Basi nimekaa hapa nyumbani Kangemi, nimeona heri niandike, maana mke wangu amechoka kuulizwa kama jiko la gesi linalionea jiko la makaa.

Habari za vyeo sitazigusa. Cheo kilikuwa kimoja, msawazishaji, na sijawahi kusikia mtu mwingine mjini aliyekuwa nacho, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpita wala wa kunipita.

Nilifika River Road nikitafuta kazi ya kukata karatasi. Duka letu, kama mjuavyo, liko juu ya muuza mabomba, na enzi hizo lilichapa kadi za harusi, kalenda na programu za mazishi. Mwenye duka, Bwana Hasmukh, alininyooshea kidole kuelekea kona ya nyuma, alikokaa mpiga chapa wake wa miaka mingi, Mama Wairimu. Huyu alikuwa mwenyeji wa Dagoretti, mwalimu wa Sunday school, na aliweza kukunyamazisha kwa kuvua miwani tu. Cheti hakuniuliza.

“Wewe ni wa wapi?”

“Kakamega, mama. Upande wa Shinyalu.”

“Kwenu si ndio mnapiganisha ng'ombe?”

“Fahali, mama. Baba yangu ndiye alikuwa anapanga nani apigane na nani. Mimi nilikuwa namsaidia.”

“Na mkikosea?”

“Ukikosea, vita inaisha hata ngoma haijapata moto. Halafu watu wote wanageuka wanakuangalia wewe.”

Akavua miwani, akanitazama. “Keti hapo,” akasema. “Karatasi itakatwa na mtu mwingine.”

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kwa sifa za mifugo. Hapo mezani palikuwa na mfuko mtupu wa unga, na ndani yake kurasa nyingi zilizobanwa kwa klipu. Ulikuwa ni mchezo aliouita Bonde la Mazimwi. Alikuwa ameutunga baada ya mteja mmoja kuleta kitabu cha mchezo wa ng'ambo kije kijalidiwe, kisha mteja akapotea. Mama Wairimu alikisoma akingoja, akakipenda, ila alilalamika kwamba watu wake wote wanavaa manyoya na hakuna hata mmoja mwenye shangazi.

Kwa atakayesoma haya bila kuujua mchezo, uko hivi. Watu wanaizunguka meza. Mmoja ni msimulizi, anawaambia wako wapi na nini kimewatokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: awe jitu, kibeti, jini au binadamu, na awe na kazi, labda shujaa, mganga, mwizi au mpishi. Wanasema wanachotaka kufanya, na bahati inaamua kama wameweza. Zile jamii tuliziita aina. Neno kabila Mama Wairimu alilipiga marufuku hapo mezani, akisema tutagombana kabla joka halijafika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna aina wala kazi inayozidi nyingine kiasi kwamba mtu mmoja anacheza na wengine wanamtazama.

Alichokitaka Mama Wairimu ni kitu kimoja tu. Alitaka kukishika kitabu chake kikiwa kimechapwa na kujalidiwa, jina lake likiwa mgongoni. Alikuwa amejalidi vitabu vya watu wengine tangu ujana wake, na chake kilikuwa kwenye mfuko wa unga. Bwana Hasmukh naye alitaka ile kona iwekwe mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki. Kila Jumatatu alikuja na futi kamba akaipima tena, kana kwamba huenda ilikuwa imekua.

“Mimi nawaheshimu sana,” alikuwa akisema huku akiipitisha futi chini ya miguu yetu. “Lakini mashine ya laminesheni haihitaji majitu. Inahitaji stima peke yake.”

Vifaa vyetu vya mwanzo mngevicheka. Bahati tuliiweka kwenye mkebe wa majani ya chai, namba moja hadi ishirini, kila moja imeandikwa kwenye kipande cha kadi ya harusi iliyoharibika. Mtu anafumba macho, anatoa namba, ikiwa kubwa amefaulu. Tuliwajaribia wateja waliokaa kungojea kazi zao. Alikuwepo mama mmoja wa Parklands aliyekuja kufuatilia kadi za harusi ya binti yake, na huyo akawa anatoa ishirini kila mara. Aliua mazimwi, aliua majini, alimuua hata mfalme ambaye hakuwa amemkosea. Mimi nikaanza kuipunguzia nguvu aina yake, halafu kazi yake, halafu panga lake, na bado anaua. Ni Mama Wairimu aliyekuja kugundua kwamba ile ishirini ilikuwa imekatwa kwenye kadi ya mahameli. Yule mama alikuwa anaipapasa tu, anaitoa. Tulipomuuliza alitushangaa.

“Kwani si ndiyo nzuri?” akasema. “Mimi nimekuja hapa kuchagua kadi.”

Baadaye tukaagiza dadu ya pande ishirini kwa mchongaji wa mawe ya Kisii. Aliichonga vizuri mno, ila hatukuwa tumemwambia ukubwa. Ilikuja kama chungwa. Mara ya kwanza kuirusha ilipasua kioo cha meza ya Bwana Hasmukh, na Jumatatu hiyo alipima kona mara mbili. Kwa hiyo kumbukeni: kabla hujailaumu aina au kazi, kagua kifaa.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya majitu na vibeti. Nilitumia njia ya baba yangu, nikawapima kwa shingo na uzito, na matokeo yake vibeti wakawa wanakufa kabla ya chai. Wachezaji wetu wa vibeti walikuwa mafundi wa simu wa jengo la jirani. Siku moja wakapanda ngazi wakiwa na msemaji, katibu na mtu wa kubeba maji ya msemaji. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mfupi. Msemaji mwenyewe ilibidi ainame mlangoni.

“Mzee Ingosi,” akaanza, “sisi kama jamii ya vibeti tunasema enough is enough. Tumetengwa kwa muda mrefu.”

“Mchezo umeanza mwezi uliopita,” nikamwambia.

“Ndio hiyo muda mrefu sasa.”

Nikawaahidi kamati. Walishuka wamefurahi sana, na kamati ilikuwa ni mimi. Lakini walikuwa wamenifunza jambo. Niliacha kupima shingo, nikaanza kuangalia simu. Mtu akitoa simu mezani mchezo ukiendelea, ujue mhusika wake hana la kufanya. Wote wakitoa isipokuwa mmoja, huyo mmoja amezidi. Vibeti sikuwaongezea nguvu hata chembe. Niliwapa uwezo wa kuona gizani, na jitu likawa haliwezi kupita pangoni bila kushikwa mkono na kibeti. Simu zikarudi mifukoni. Mpaka leo nawaambia, mtu akilalamika usikimbilie kumwongezea kitu. Muulize alikuwa anafanya nini wakati wenzake wanacheza.

Jumapili moja tulifanya jaribio Lavington, kwenye kibanda cha askari wa geti. Askari huyo, Barasa, alikuwa jirani yangu Kangemi, na wenye nyumba aliyoilinda walikuwa wamesafiri. Wachezaji walikuwa yeye, mtunza bustani, na Rose aliyefanya kazi za nyumbani. Barasa hakuweza kuliruhusu zimwi lolote lipite bila kuacha kitambulisho, na mtunza bustani alitumia zamu zake zote kuuliza aina ya majani yaliyoota pale pangoni. Rose ndiye aliyebadilisha historia ya kampuni.

“Mzee, mimi sitaki kupigana,” alisema. “Wiki mzima nimepigana na watoto wa watu. Nipatie mtu wa kukaa tu, anapewa soda, anapigiwa makofi.”

“Mtu kama nani?” Mama Wairimu akamuuliza.

“Kama mgeni rasmi.”

Tulicheka mpaka Barasa akatuomba tushushe sauti. Kisha tukaiandika palepale iwe kazi kamili, maana sheria ya Mama Wairimu ilikuwa kwamba mchezaji akikuchekesha namna hiyo, wazo lake linaingia. Mgeni Rasmi hakupewa panga wala uchawi. Hata kukimbia hawezi, kwa sababu ya viatu. Mimi nilimpima nikaona ndiye dhaifu kuliko wote bondeni. Alikuwa na kanuni moja tu: shughuli haianzi kabla hajafika, wala haiishi kabla hajahutubia.

Mtauliza ilikuwaje watu wazima wawili wasione hatari iliyokuwa hapo. Jibu ni kwamba hatukuiona kama kanuni. Nimekaa kwenye jua la Kakamega nikimngoja mgeni rasmi. Nimekaa kwenye hema Kangemi nikimngoja. Mama Wairimu amengoja wageni rasmi wa Sunday school tangu akiwa na meno ya utoto. Kwetu sisi kuandika hivyo ilikuwa sawa na kuandika kwamba maji yanalowesha. Rose alicheza Jumapili nzima, akapewa soda, akapigiwa makofi, na hakuna kilichoharibika, kwa sababu alikuwa mtu mwenye heshima na alifika mapema.

Muda si mrefu Bwana Hasmukh akatuletea habari. Walimu wa shule moja ya Parklands walikuwa wakitafuta mchezo wa klabu yao, na walikuwa tayari kuutazama wa kwetu Jumamosi mchana, hukohuko shuleni kwao.

“Wakiupenda, nachapa,” akasema. “Wasipoupenda, Jumatatu mashine inaingia hapa. Nimeshaongea na watu wake.”

Mama Wairimu aliuchukua ule mfuko wa unga, akaukunguta, akaanza kuzipanga kurasa upya. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa fahali, nakiri, na sikuogopa kwa ajili ya mshahara. Niliogopa kumwona akirudi kupiga chapa programu za mazishi na ule mfuko uko miguuni pake.

Walimu walikuwa watano, na kiongozi wao aliitwa Mwalimu Farida, mama mchangamfu mwenye sauti ya kufika uwanjani. Tuliwatandazia aina zote na kazi zote mezani wachague. Msinichoshe kwa kuniuliza walichagua nini. Walimu ni watu ambao maisha yao yote wamesimamisha watoto kwenye mistari wakimngojea mtu anayekuja na gari. Walipoona kuna kazi ya Mgeni Rasmi, wote watano waliidaka, na kila mmoja akakataa kuiachia, tukawapa wote. Bwana Hasmukh alikuwa amesimama ukutani, futi kamba mkononi.

“Bwana, kuna kiti hapa, usisimame kama askari,” Mwalimu Farida akamwambia, na kabla hajakataa akamsukumia karatasi iliyokuwa karibu, ya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. Ilikuwa ya Mpishi.

Mama Wairimu akakohoa, akaanza kusimulia. “Mko mbele ya pango. Joka limetoka. Linawatazama.”

“Kwani mimi nimeshafika?” Mwalimu Farida akauliza.

“Si mko hapo mbele ya pango?”

“Hapana. Mimi ni Mgeni Rasmi. Niko njiani.”

“Hata mimi niko njiani,” akasema mwalimu wa hesabu. “Na siwezi kufika kabla yake. Itaonekana sina kazi.”

“Mimi nimetoka tu nyumbani,” akasema wa tatu.

Wa nne na wa tano walikuwa bado wanaoga.

Nikaisoma ile kanuni. Shughuli haianzi kabla hajafika, na kupigana na joka ni shughuli. Joka halikuweza hata kufungua mdomo. Mama Wairimu akajaribu kuleta mvua, wageni wakasema basi wameahirisha kutoka. Akajaribu kuleta mazimwi nyuma yao, wakajibu kwamba mazimwi nayo yangoje, yaketi na wananchi. Mpishi, yaani Bwana Hasmukh, alikuwa peke yake mbele ya pango na joka lisiloruhusiwa kumla. Hapakuwa na cha kutokea kwa yeyote. Simu ya kwanza ikatoka mfukoni. Ikafuata ya pili. Zilipofika zote tano juu ya meza, Bwana Hasmukh akaanza kuipima meza ya shule kwa futi, nadhani bila kujua.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo nililokuwa nataka kuwaachia. Katika kazi yetu hubadilishi kanuni watu wakiwa wanacheza. Ukiibadilisha mara moja, hawataamini tena kanuni yoyote. Unachoweza kufanya ni kutafuta kitu ambacho tayari kimo bondeni, ila hakuna aliyekitaja. Niliinamisha kichwa nikajiuliza: hizi shughuli za kwetu, mgeni akichelewa hivi, huwa zinaendaje mbele? Maana huwa zinaenda. Nimekula wali kwenye nyingi.

“Samahani, mwalimu,” nikasema. “Hapo pangoni, MC ni nani?”

Simu zikasimama.

“MC lazima awepo,” Mwalimu Farida akakubali polepole. “Chakula kinaweza kukosa. MC hawezi.”

“Na ni nani aliyefika mpaka sasa?”

“Mpishi,” akasema mwalimu wa hesabu. “Lakini huyo ako na sufuria. Basi imebaki joka.”

Nikamgeukia Mama Wairimu. Tangu nimjue sikuwahi kuuona uso wake ukifunguka namna hiyo. Akasimama, akashika kalamu kama kipaza sauti, akaigonga kwa kidole.

“Hello, hello. Testing,” likasema joka. “Mabibi na mabwana, mtuvumilie, wageni wetu wako karibu. Kwa sababu ya muda, na itifaki zote zikiwa zimezingatiwa, ningependa kuwaalika wageni wetu rasmi wote watano waje hapa mbele kwa pamoja. Tuwapigie makofi!”

Vijana, sijaona watu wakifika haraka vile. Waliokuwa wanaoga walifika na sabuni. Hakuna aliyeweza kuyaacha makofi yampite, na kwa kuwa waliitwa pamoja hakuna aliyetangulia.

“Kila mmoja atuambie maneno mawili,” likasema joka.

“Ndugu zangu,” akaanza Mwalimu Farida, mkono kifuani, “mimi sina mengi ya—”

“Asante sana, mheshimiwa,” likasema joka, likammeza.

Likawameza wote hivyo hivyo, kila mmoja akiwa ndiyo kwanza anasema hana mengi. Mwalimu wa hesabu alipiga meza kwa kicheko hadi kikombe kikaanguka. Hakuna aliyekumbuka simu yake. Akabaki Mpishi.

“Mimi naweza kufanya nini?” Bwana Hasmukh akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuondoka.

“Unaweza kupika,” nikamwambia. “Basi.”

Akalifikiria joka. “Limekula watu watano. Litakuwa na kiu. Nalitengenezea chai.”

Mama Wairimu akampa ile dadu ya mawe. Aliirusha kwa mikono miwili, ikabingirika mpaka ukingoni, ikasimama kwenye mbili.

“Umeweka chumvi badala ya sukari,” akasema Mama Wairimu kwa huruma, na joka likamla Bwana Hasmukh pamoja na sufuria.

“Hapana!” Akasimama. Futi kamba ikaanguka. “Mimi nimepika chai maisha yangu yote! Chai yangu haiwezi kuwa na chumvi! Rudia!”

“Turudie, turudie!” wakapaza sauti walimu. Tukarudia. Safari hiyo walipigania kuwa joka. Jua lilipoanza kushuka, Mwalimu Farida akamwita Bwana Hasmukh nje, wakazungumza kando kwa muda. Aliporudi uso wake haukusema kitu. Tukakusanya kurasa, tukazirudisha kwenye mfuko wa unga, tukaingia kwenye gari lake, mimi mbele, Mama Wairimu nyuma.

Mimi sikuthubutu kuuliza, na Mama Wairimu nilimsikia tu akipumua. Tulipofika Ngara gari likasimama kwenye foleni, na Bwana Hasmukh akaniambia bila kugeuza kichwa:

“Ingosi, huyo mpishi ameonewa. Urekebishe kabla hatujachapa.”

“Kabla hatujachapa nini?” Mama Wairimu akauliza kutoka nyuma, taratibu sana.

“Kitabu,” akasema Bwana Hasmukh. “Na uandike jina lako vizuri hapo kwa mgongo, nisije nikalazimika kurudia.”

Mama Wairimu alinyoosha mkono akanishika bega, akaliminya mpaka tukafika River Road, na mimi nililia, nasema wazi, nikijifanya natazama maduka. Kuhusu mpishi nilimjibu boss kwamba nitaangalia. Ameniuliza kila Jumatatu tangu siku hiyo mpaka naagwa, na sasa atawauliza nyinyi. Msimguse. Mpishi yuko sawa kabisa.